Darlene Yupo

Darlene wangu,

Pwani nzima ya jangwa hili la Baja hakuna mwenye bahati kama mimi. Samaki wanakaribia kurukia kikaangoni wenyewe, na kitanda chote changu tangu uliposhuka botini hapa Loreto.

Si unajua mabaharia wa huku tunaitana kwa majina ya boti, na yangu bado ina jina lako. Basi kila asubuhi saa mbili mzee Clyde wa Pelikani anatuita redioni, mmoja mmoja. "Darlene, upo?" Nami najibu, "Darlene yupo, anakunywa kahawa." Wote wanacheka.

Jumanne Clyde akasema, "Acha hizo, bwana. Sanduku lake nililibeba mimi mpaka kwenye basi." Hakuna aliyecheka.

Jana wenzangu wote walivuka kwenda Guaymas kukimbia msimu wa vimbunga. Mimi sikung'oa nanga, maana ukirudi utanitafuta hapa. Leo saa mbili redio ilikuwa kimya, nikaita mwenyewe: "Darlene, upo?" Nikangoja mpaka kahawa ikapoa.

Njoo, hata wiki moja tu. Ile bahati niliyojisifia ni uongo.

Ni mimi,
Wendell