Wauza Chai wa Geti Lililofungwa

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijampigia mke wangu simu, maana nikishapiga nitasema, na nikishasema hakuna kurudi nyuma.

Mimi ni kibarua wa ujenzi, niko mbali na nyumbani, shule niliiacha mapema kwa hiyo utanisamehe mwandiko. Tulikuwa tunajenga ghorofa, hali ya uchumi ikabana, mwenye jengo akasema tupumzike kidogo, geti likapigwa kufuli na hicho kidogo hakijaisha mpaka leo. Nauli ya kurudi nyumbani sina, na hata ningekuwa nayo ningeona haya kufika mikono mitupu, kwa hiyo nikajiambia mwanamume hakai bure, nikanunua chupa ya chai na vikombe, nikaweka meza pale pale getini kwetu, kwa sababu ndipo ninapojulikana.

Mwanzoni iliuzika, wenzangu walikuwa wanakuja kuulizia kama kazi imefunguliwa, wakisubiri wanakunywa. Sasa rafiki yangu mfunga nondo, ambaye sisi tunamwita Nondo tu, akaona chai inatoka, naye akaleta chupa yake akaketi ubavuni mwangu, akaniambia riziki haigombewi. Baada yake akaja seremala, na mwisho akaja msimamizi wetu mwenyewe, yule aliyekuwa akitufokea kazini, naye ana chai na ana mwavuli mkubwa, na bado anatufokea, anataka meza zikae kwenye mstari.

Mshauri, tumebaki wauzaji watupu. Mtu mwingine aliyepo ni mlinzi peke yake, na yeye anakuja na chupa yake kutoka kwake. Basi tukakubaliana tuungane mkono, mimi nanywa kwa Nondo, Nondo anakunywa kwa seremala, seremala kwa msimamizi, msimamizi kwangu, na ukikataa unaambiwa una roho mbaya. Kuna noti moja imechanika pembeni ikabandikwa gundi, asubuhi nampa Nondo na jioni msimamizi ananirudishia. Sukari inaisha, majani yanaisha, noti ni ile ile, na mimi tumbo limejaa maji kama pipa la saiti.

Kinachonivuruga zaidi ni majirani. Mama mwenye nyumba ninayopanga haheshimu biashara ya mtu. Mara ukuta wa bafu umebanduka, mara kigae kimeng'oka, mara shoga yake paa linavuja, na wote wananifuata mimi mpaka mezani, eti kwa kuwa waliniona nikiziba ufa wa chumba changu. Siwezi kuwakatalia watu wazima, naacha meza, nachukua mwiko, napiga lipu huku nawaza chai yangu inapoa. Wananipa chochote cha asante, ndicho nanunulia sukari, lakini nikirudi getini nakuta msimamizi ameshasogeza meza yake mahali pangu. Biashara itakua vipi na usumbufu huo?

Nimefikiri nikaona tatizo ni mwavuli. Nikipata mwavuli na benchi na ubao wa kuandika jina nitawazidi wote. Mtaji uko nyumbani, mke wangu ana cherehani, anawashonea watu nguo, na ndiyo inayolisha watoto tangu niliposhindwa kutuma hela. Nilimgusia kwa mbali kwenye simu, nikamwuliza kama cherehani ile haimwumizi mgongo. Akasema, “Mgongo wangu mzima, baba watoto. Sema unachotaka.” Nikasema mtandao unakatika, nikakata.

Nimwambie auze, au niendelee kubanana pale getini?

Ni mimi, Mwenye Meza ya Kwanza.

*

Mwenye Meza ya Kwanza,

Nimecheka, nikajilaumu kwa kucheka, kisha nikafika kwa mlinzi na chupa yake nikacheka tena. Pole, ndugu yangu. Kuwa mbali na watoto huku kazi imefungwa si mchezo, na kukataa kukaa bure ni uungwana. Hapo nakupa heshima yako. Sasa nipe sikio.

Cherehani usiiguse. Usiiguse kwa mkono wala kwa simu. Katika familia yenu biashara iliyosimama ni hiyo moja, nawe unataka kuiangusha ili ununue kivuli. Utakaa chini ya mwavuli huo umuuzie nani? Geti?

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Chai yako imejitembeza mpaka imekosa pa kwenda, inazunguka meza nne na kurudi tumboni mwako. Lakini kuna kitu watu wanatoka majumbani mwao kukifuata, wanakuvuta shati mbele ya wenzako, nawe unakiita usumbufu. Hivi hujawahi kujiuliza sukari ya biashara yako inatoka wapi? Inatoka kwenye mwiko. Wewe ni fundi wa ukarabati mwenye tabia ya kunywa chai.

Hali ikibana watu hawajengi, ni kweli, lakini mvua haina habari kama uchumi umeanguka. Paa litavuja tu, na asiyeweza kuezeka jipya ataziba la zamani.

Kesho meza ibaki chumbani. Chupa mwachie Nondo, toka na mwiko. Bei mpatane kabla hujachanganya saruji, hiyo habari ya chochote cha asante iishe; mama mwenye nyumba akinuna mwache anune, ukuta wake utamrudisha. Usilipue kazi, maana mtaa mzima unakutazama. Milango mwite seremala, madirisha ya chuma mwite Nondo. Hata msimamizi ana nafasi: apite mitaani kuwatangaza, sauti anayo.

Ukipata cha kwanza, tuma nyumbani kabla hujanunua kitu chochote chenye kivuli. Kisha mpigie mke wako umwambie ukweli, wa meza, wa noti yenye gundi na wa cherehani uliyoitamani. Halafu umwulize tena habari ya mgongo, na safari hii usikate simu. Kaa usikilize jibu.