Mkeka wa Salha

27 Aprili

Bado nauwaza ule mkeka. Mchana mwanangu Mwanaidi alinipigia simu ya video kutoka Uholanzi. Nikamwona mjukuu wangu Salha kavaa rangi ya chungwa juu mpaka chini, kaketi kando ya barabara juu ya mkeka niliomsukia, anauza wanasesere wake.

"Mama, leo mfalme wao anasherehekea kuzaliwa," Mwanaidi akasema. "Kila mtu anauza vitu vyake vya zamani njiani, hata watoto."

Nikacheka. Mara akaja mama mmoja wa Kizungu, wanasesere hakuwatazama, akautaka mkeka. Salha akainuka, akaukunja, akampa.

Nikasema chaji inaniishia, nikakata. Ilikuwa imejaa.

Jioni Salha akapiga mwenyewe. "Shikamoo bibi. Yule mama kauliza nani kasuka. Nimesema bibi yangu. Kasema na mimi nisuke. Mimi sijui, bibi."

Nikaitikia marahaba. Kumfundisha mtoto kusuka kwa simu, sijui kama...

Kule ukindu wa kusukia hakuna. Nimemwambia akate karatasi vipande vyembamba virefu, kesho akitoka shule tuanze.