Msuli Ulioitika Masjala

Mpendwa Dada,

Kabla ya salamu nakuomba sana: isome barua hii peke yako, na usimwambie mtu neno hata moja, hasa Mama. Presha yake unaijua. Sasa shikamoo. Natumaini nyote ni wazima na shemeji ameshapona kikohozi. Mimi sijambo, ila nina hofu.

Unajua tangu nianguke bafuni na kulazwa miezi miwili, natembea nikiyumba. Hapa masjala, ninapotunza majalada ya ofisi, wenzangu wananiita Bata. Tarishi huniuliza kila asubuhi kama ziwa bado liko mbali. Mtaalamu wa viungo aliniambia mfupa umepona, misuli ya nyonga na makalio ndiyo imesahau kazi. Alinilaza chali, akaniambia nikaze kalio la kushoto. Nilikaza uso, meno, hata vidole vya miguu. Kalio kimya. Alicheka, akasema tusiligombeze, tulibembeleze.

Basi kila mchana wenzangu wakienda kula, natandika magazeti ya zamani kati ya makabati ya majalada. Nalala chali, magoti juu, nainua kiuno taratibu, nahesabu hadi tano, nashusha. Kisha nalala ubavu, nyayo zimegusana, nafungua goti la juu kama anayefunua jalada. Nilivionea haya vijizoezi hivyo, Dada. Lakini wiki ya tatu, mkono ukiwa juu ya nyonga, nilihisi kitu kikitetemeka chini ya ngozi. Nilishtuka kama mtu aliyesikia hodi kutoka chumba kisicho na mtu. Nilibaki sakafuni nikitazama dari, machozi yakinitoka. Mwili huu, niliokuwa nikiuburuta tu kama mzigo, ulikuwa unaniitikia! Jana nilipanda ghorofa nne bila kushika ukuta. Tarishi alinitazama, akanipisha njia.

Sasa niungame. Barua za ofisi huzifungua mimi. Wiki sita zilizopita ilikuja ya daktari wa ofisi kwenda kwa mkurugenzi: kwamba siwezi kazi ya kusimama, niachishwe. Mkono uligonga muhuri wa kupokea, na tarehe yake, kwa mazoea tu, kabla kichwa hakijaelewa. Nikaificha ndani ya jalada la mstaafu mmoja. Kwa tarehe hiyo ya muhuri, siwezi kusema imefika leo. Kesho saa mbili asubuhi naipeleka kwa mkurugenzi mimi mwenyewe, kwa ngazi. Akinifukuza kwa kuificha, ni haki yake. Lakini atanifukuza nimesimama mbele yake.

Wasalimie watoto. Usipige simu ya ofisini, hupokelewa na katibu wa mkurugenzi. Wala usiandike ofisini, maana nikifukuzwa barua zitafunguliwa na mwingine; niandikie kupitia fundi viatu anayekaa chumba kilicho chini ya changu. Bahasha iwe na jina lake, ndani weka langu. Ukija kwangu, pitia mlango wa uani, majirani wasianze kuuliza.

Ni mimi mdogo wako.