Kiluma Nilichong'oa

Jumatatu, 12 Januari 1998

Mvua tena. Nimekuta kuku wawili wamekufa na wanne wamejikunyata pembeni, mabawa chini, macho wamefumba. Kinyesi kina damu. Naujua ugonjwa huu — vijidudu vya tumboni, vinapenda banda lililolowa. Na tangu Oktoba hakuna kilichokauka hapa Kangundo, hata soksi.

Walikuwa kumi na tisa, sasa kumi na saba. Wote ni uzao wa yule tetea wa madoadoa niliyepewa na mama mkwe, Syokau, siku niliyoolewa, 1969. Aliniwekea mikononi kabla sijaketi. Akasema huyu ni wako, si wa mumeo Musili. Sikuwa na kingine changu katika boma lile. Miaka ishirini na tisa sijawahi kununua kuku. Hawa wakiisha, basi, zawadi yake imeishia mikononi mwangu.

Jumanne, 13 Januari

Nimevaa gambuti hadi duka la dawa za mifugo. Onesmus mwenye duka anasema dawa imeisha, gari halijafika tangu daraja libebwe na maji. Labda wiki ijayo. Wiki ijayo! Akauliza kama siko na kiluma nyumbani, ile shubiri yetu ya miiba, wazee walikuwa wakiwanywesha kuku maji yake. Nikasema sina. Sikumwambia kwa nini.

Mwingine amekufa jioni.

Jumatano, 14 Januari

Niandike tu, nani atasoma.

Kiluma kilikuwepo. Safu nzima, kutoka langoni hadi chooni, Mwaitu (yaani mama, ndivyo nimwitavyo Syokau) alikipanda kwa mkono wake. Kila mvua ikizidi tulikiponda pamoja asubuhi. Yeye na mchi, mimi nashikilia kinu, anaimba nyimbo za kanisani na nusu ya maneno amejitungia. Nikicheka ananirushia utomvu. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo tena. Nazitamani asubuhi zile hadi leo.

Halafu 1972 walimu wenzangu wakasema watakuja kunywa chai. Nikaona aibu. Ile miiba, nikaona boma linafanana na makaburini. Mwaitu alikuwa Ndithini kwa bintiye Kasyoki, aliyekuwa amejifungua. Nikang'oa chote, nikapanda kayaba, ua wa kisasa. Aliporudi nikamwambia mbuzi wamekula. Akatazama, akasema haya.

Mbuzi na kiluma! Mbuzi gani atakula uchungu ule? Cheti cha ualimu kwenye sanduku na huo ndio uongo niliopata.

Ijumaa, 16 Januari

Wamebaki kumi na watatu. Jirani yangu Wathome anaenda Ndithini kuuza maharagwe. Mwaitu anaishi huko kwa Kasyoki siku hizi. Nimempa Wathome barua, kilo mbili za sukari na majani chai. Huwezi kuomba dawa mikono mitupu. Nimeandika: kuku wanahara damu, naomba kiluma na maelezo, nimesahau vipimo. Kuhusu langoni sikuandika kitu. Nilianza, nikafuta.

Jumamosi, 17 Januari

Musili amekuja kutoka Lukenya, kwenye machimbo anakofanya kazi. Kaangalia banda, kasema kuku ni kuku, Maundu wa sokoni anauza, tununue wengine. Nimempakulia muthokoi, mahindi na maharagwe ya jana, bila kuyapasha moto.

Kumi na mmoja.

Jumatatu, 19 Januari

Amekuja mwenyewe! Sijui ana miaka sabini na mingapi, matope hadi magotini, kiondo cha kiluma mgongoni. Salamu fupi, moja kwa moja bandani. Amehesabu tisa.

Siku nzima tumefanya kazi. Nimetoa takataka zote zilizolowa, nikachoma, nikamwaga majivu sakafuni. Yeye amekata kiluma. Tumekaa na kinu kama zamani, ila sasa mchi ni wangu na kinu anashika yeye. Akasema, "Iloweke hadi kesho. Asubuhi hakuna maji ingine, ni hii tu. Ukiwaonea huruma, umewaua."

Nikashindwa kuponda. Nikasema, Mwaitu, kile kiluma cha langoni.

"Mbuzi walikula," akasema. "Ndio niliambia mzee."

Kumbe mzee, baba mkwe wangu, alikuwa anataka nirudishwe kwetu. Safu ile ilipandwa kwa mbegu ya mama yake, na mke wa kung'oa mpaka wa boma, alisema, atang'oa na watu. Mwaitu akamwambia ni yeye mwenyewe, kabla ya kwenda Ndithini, aliyewaacha mbuzi bila kuwafunga. Mzee akakaa miezi miwili bila kumsemesha. Na mimi nilikuwa nyumba ya pili, nikinywa chai na walimu, sijui lolote.

Nikamuuliza kwa nini.

"Uliing'oa vizuri sana, mwiitu wakwa, binti yangu. Hata mzizi hukuacha. Nikasema huyu msichana anaweza kazi."

Nimelia. Akaniambia nitalia kesho, leo niponde.

Jumanne, 20 Januari

Saa nne asubuhi. Naandika mlangoni pa banda. Hawanywi! Wanachovya mdomo, wanatikisa kichwa, wanaondoka. Mmoja amelala ubavu. Kuku mzee wa madoadoa, kama yule wa kwanza, amesimama mbele ya bakuli muda mrefu, mdomo wazi kwa kiu. Jagi la maji safi liko karibu na mguu wangu, nimelishika mara mbili, nimeliweka mara mbili.

Mwaitu yuko langoni na jembe langu, anachimba mashimo kando ya kayaba. Alibakisha miche sita kwenye kiondo. Ananiita nikashike, hawezi kusimamisha mche na kufukia kwa mikono miwili. Nimesema subiri kidogo. Anasema kuku hatakunywa akitazamwa.

Nikikaa hapa nitawapa maji safi, najijua. Ananiita tena. Naenda, na jagi naenda nalo.