Jukwaa la Katoyi Limetulia

Dada Kavira, nakusalimu toka Goma, vumbi jeusi la volkano hadi kwenye meno!

Nikuambie wewe tu. Jukwaa la kwaya huku Katoyi ni la mbao, na leo lilitetemeka sana wenzetu walipocheza, sisi wengine tukiimba tumesimama tu. "Wenye hawachezi washuke, uzito upungue!" akasema papa wa kwaya, kiongozi wetu. Tukashuka. Likatetemeka zaidi! Akataka kufuta dansi ya Pasaka. Pamoja na haya yangu yote, nikainua mukono: "Papa, uturudishe. Tulisoma katika fizike: mutu mwenye kusimama tu anapunguza mutetemo, mwili wake unaumeza."

"Injinia wa Butembo!" wakanicheka mimi mugeni wao.

Tukarudi katikati, magoti tumeyalegeza, wenzetu wakacheza tena. Jukwaa likatulia, vigelegele vikalia! Pasaka watacheza.

Umukumbatie Mama. Umuambie kwamba yule mutoto wake asiyejua kucheza, leo amebeba kwaya nzima.