Mirija Isiyoshika Rangi

Jumanne, 28 Oktoba 2025

Ni saratani. Amesema Dkt. Bilan, mwanapatholojia, leo mchana maabarani. Titi la kushoto la dada yangu Nthambi. Imeanzia kwenye mirija ya maziwa na imeshatoboa ukuta wake. Nikamuuliza amejuaje si ile aina nyingine. Ile nyingine, akasema, seli zake hujipanga moja nyuma ya moja kama watu kwenye foleni. Hizi zimejikusanya, zinajaribu kuunda mirija na hazijui. Aliniruhusu nichungulie kwenye hadubini. Zambarau na waridi. Zinapendeza — Mungu anisamehe.

Jina bado halijakamilika. Watapaka rangi kuona kama seli zina vipokezi vya homoni, viwili, au protini ya HER2. Zikiwa na vya homoni, kuna vidonge vya kumeza kwa miaka. Zikikosa vyote vitatu, ni ile kali, na dawa zake ni chache.

Nilimkuta Nthambi kibandani kwake katika soko la Kariokor, sindano ya ngozi mkononi. Akamaliza kwanza mshono wa kiatu. "Haya ripota, nipe habari ya ukurasa wa kwanza." Jirani yake Apondi akacheka, hajui lolote. Nilimpa. Akauliza kama mteja wa kesho angoje au arudishiwe viatu. Nikaenda nyuma ya vibanda nikalia.

Jumatano, 5 Novemba

Hasi, hasi, hasi. Kisha Dkt. Bilan akasema yeye mwenyewe hayaamini majibu hayo. Kando ya saratani kuna mirija mizima ya Nthambi. Hiyo ilipaswa kushika rangi ya homoni, angalau seli chache, kwa sababu titi lenye afya huwa nazo. Haikushika hata moja! Kipande cha maabara, cha kupimia rangi yenyewe, kilishika vizuri. Kwa hiyo rangi si mbovu.

"Umbo la seli nimelisoma, lakini nyama iliharibika kabla haijanifikia. Siwezi kusema ni ile kali. Siwezi kusema siyo. Nani aliileta?"

Hospitali ilitukabidhi chupa ya dawa yenye kipande cha nyama ya titi tuipeleke wenyewe, kama inavyowakabidhi wagonjwa wote. Ilikuwa Ijumaa jioni mwezi jana, maabara imefungwa mpaka baada ya sikukuu ya Mashujaa. Chupa ilikaa kwa Mama, mtaani Kaloleni.

Alhamisi, 6 Novemba

Mama hakuficha. Akina mama wa maombi walikuja jioni ileile. Chupa ilikuwa mezani, inanuka, inawasha macho. Mama akaimwaga ile dawa iliyokuwa ndani. "Mtoto wangu nimwache alale kwenye sumu?" Akajaza maji yaliyoombewa. Wakaimba, kila mmoja akaishika. Jumanne akaipeleka maabara kwa mikono miwili.

Nilimweleza: ile sumu ndiyo inayozuia nyama isioze. Akauliza, "Kwa hivyo ni mimi?"

Nikasema hapana.

Jumatatu, 10 Novemba

Daktari wa saratani hataanza tiba bila kujua aina. Anataka nyama mpya. Nthambi alikataa katakata. "Tayari wako nayo. Waisome vizuri, wasinifanye mto wa pini!" Sindano ya kwanza ya kutoa nyama ilimwacha na damu iliyovilia hadi mbavuni.

Nikamwambia sampuli iliharibika. Hakuuliza ni wapi, nami sikumtaja Mama. Mama alikuwa jikoni anaosha vyombo. Maji yakaacha kusikika.

Nthambi akanishika mkono, akaupeleka kwapani mwake. Kuna kitu pale, kigumu, kama punje ya mahindi. Mwezi jana hakikuwepo. "Na hiki pia kina jina?" Kazi yangu yote ni kuuliza, na leo sikupata hata swali.

Baadaye akakubali. Kwa sharti moja, alilolitangaza kwa sauti ili lifike jikoni: "Chupa aibebe Mama. Siku ile walipoiombea, aki nililala fofofo mpaka asubuhi. Wewe na haraka zako utaiangusha."

Mama alikuja akasimama mlangoni, mikono inatiririka maji. Hakumtazama Nthambi. Alikuwa ananitazama mimi.

Sindano ni Alhamisi, tarehe 13, saa tatu asubuhi. Dkt. Bilan amesema maabara itaingoja chupa hadi jioni.