Treni Mbili Zapishana Mombo

Jumamosi, mwezi wa saba. Ukungu haujaondoka Lushoto tangu alfajiri. Vidole vimekufa ganzi kwa baridi, lakini moyo una jua lake.

Leo treni mbili zimepishana mezani kwangu.

Reli hii ndogo ya mfano niliinunua kipande kipande nilipokuwa Ulaya, miaka ile ambayo kila mwaka nilisema nitarudi mwakani. Nikajenga stesheni ya Mombo kwa kumbukumbu tu: paa la bati, tangi la maji, njia ya kupishania. Niliporudi hatimaye, treni ya abiria ilikwisha kuacha kupita Mombo. Siku hizi ni mabasi ya watu binafsi, kila moja na honi yake.

Mwaka jana nilimwonyesha dada yangu Zaina, anayeishi Mazinde. Ujana wake wote aliuza peasi pale stesheni. Aliitazama treni yangu ikizunguka, akasema hiyo si Mombo. Mombo treni hukutana. Ya Tanga inaingoja ya Moshi, na katika kule kungoja ndimo alimouzia. Treni isiyosimama, aliniuliza, inamfaa nini muuza peasi?

Mtambo wangu wa zamani ulitia umeme relini, na kila kichwa cha treni kilichokuwa juu yake kikaondoka, upende usipende. Kwa mtambo wa dijitali, kila kichwa hubeba chipu ndogo yenye namba yake, na hutii amri ya namba hiyo peke yake.

Basi nikaagiza chipu mbili, nikaanza kazi. Nakiri niliogopa. Mota ikigusa umeme wa reli hata kidogo, chipu inaungua, na sina nyingine. Nimefungua, nimekwangua, nimelehemu, nimepima, nimelehemu tena. Dada alipanda huku Lushoto jana na kesho anashuka. Magoti yake hayapatani tena na milima hii, na sijui kama atapanda tena.

Ilibidi iwe leo.

Baada ya chai nikaweka vichwa vyote viwili relini, nikaamuru namba tatu iondoke. Vikaondoka vyote viwili, vikielekeana.

Nilivikamata kwa mikono kabla havijagongana. Kumbe chipu zote hutoka kiwandani na namba ile ile, tatu, nami, msomaji wa vitabu, nilikuwa nimeuruka ukurasa huo wa maelekezo. Niliona aibu. Dada alicheka mpaka akashika mbavu.

“Hapa sasa ni kwetu kabisa,” alisema. “Ukiita Zaina, tunaitika watatu.”

Ni kweli. Wajukuu wawili wamepewa jina lake, kama ilivyo desturi, na nyumbani huitwa Zaina Mkubwa, Zaina wa Shume na Zaina Mdogo. Akaniagiza nizitofautishe treni nazo hivyo hivyo, niache kununa. Nikakitoa kichwa kimoja, nikakipa kilichobaki namba mpya, kikawa cha Tanga. Kile cha Moshi kikabaki na namba yake.

Nikajaribu tena.

Ya Tanga ikaingia njia ya kupishania, ikasimama, taa ikiwaka. Ikaja ya Moshi, taratibu, mabehewa yakipita ubavuni mwa mengine karibu kugusana. Dada aliinama mpaka pua ikakaribia bati la stesheni. Ya Moshi ikapita, njia ikawa wazi, nami nikapeleka kidole kuiondoa ya Tanga.

Akanishika mkono.

“Ngoja, mdogo wangu. Sijamaliza kuuza.”

Nikaondoa kidole. Ya Tanga ikabaki pale pale, naye akiangalia dirisha moja baada ya jingine, midomo ikicheza kama mtu anayetaja bei.

Miaka yote ile ya Ulaya, nilikuwa na haraka ya kwenda wapi?